Bwawa la sato Lushoto: Hita haitalipa, kalenda ya Mombo nayo itamwangusha mfugaji

MFUGAJI wa samaki aliyeko Mombo na mwenzake aliyeko Lushoto mjini wametenganishwa na kilometa 30 na ushei za barabara yenye kona nyingi. Wote wako Mkoa wa Tanga, wote wanaweza kununua vifaranga vya sato kwa muuzaji mmoja na kupewa maelekezo yale yale: pandikiza, lisha asubuhi na jioni, vuna baada ya miezi sita hadi minane. Wa Mombo akifuata maelekezo hayo, mavuno atayaona. Wa Lushoto akiyafuata neno kwa neno, hasa kama amepandikiza mwezi Mei, mwezi Septemba atakuta samaki wa ukubwa wa kiganja na mifuko mitupu ya chakula.

Tofauti yao haiko kwenye bidii wala kwenye mbegu, iko kwenye joto la maji. Mombo iko takriban meta 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto mjini ni takriban meta 1,400, na ukiendelea kupanda kuelekea Magamba na Shume unafika karibu na meta 2,000. Kila unapopanda meta 100 joto la hewa hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa hiyo kati ya Mombo na Lushoto pekee joto limeshashuka kwa nyuzi sita hivi, na Shume limeshuka kwa nyuzi tatu nyingine.

Kwa binadamu nyuzi sita maana yake ni kuvaa sweta. Samaki hana sweta. Mwili wake hufuata joto la maji alimo, na maji yakipoa, tumbo lake nalo hupoa.

Sato hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 hula kwa kusitasita na ukuaji unazorota. Yakifika 16 hivi karibu anaacha kula kabisa, na yakikaa kwenye 11 au 12 kwa siku kadhaa, anakufa. Kuzaliana nako kunataka maji ya nyuzi 22 hivi kwenda juu. Lushoto mjini wastani wa joto la hewa kwa mwaka hauzidi sana nyuzi 18, na usiku wa Juni na Julai huwa chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Bwawa linalopigwa na jua mchana huwa na joto kidogo kuliko hewa ya usiku, na hilo ndilo linalowafanya sato wa Lushoto waishi. Lakini kuishi ni jambo moja, na kufikia uzito wa kuuzwa ni jambo jingine.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mtu wa pwani angelicheka: je, katika nchi ya joto kama Tanzania, maji ya samaki yanahitaji hita?

Wanaofuga samaki wa mapambo kwenye matangi ya vioo wanalijua jibu, na jibu lenyewe linategemea tangi liko wapi. Tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi. Likiwekwa sebuleni Tanga mjini au Dar es Salaam mwezi Februari, tatizo lake si baridi. Chumba chenyewe kinaweza kufika nyuzi 30, na pampu na taa huongeza joto juu ya hilo. Mwenye tangi hilo anatafuta feni na kipoozeo. Matumbawe hayavumilii joto la kupita kiasi hata yakiwa baharini kwao: mwaka 1998, bahari ilipopata joto kali wakati wa El Nino, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe na mengi yakafa. Tangi hilo hilo likipandishwa Lushoto likawekwa kwenye hoteli, mwezi Julai litahitaji hita yenye kidhibiti joto, la sivyo samaki wataanza kujikunyata usiku wa kwanza. Nchi ni moja na mkoa ni mmoja, ila kifaa kinachotakiwa huku ni kinyume cha kile kinachotakiwa kule.

Basi kusema kwamba Tanzania ni nchi ya joto hakumsaidii mfugaji kitu. La maana kwake ni kimo cha shamba lake, mwezi alionao na wingi wa maji anayotaka kuyapasha.

Bili ya hita

Kwa tangi dogo hesabu inabebeka. Tangi la lita 100 hutosheka na hita ya wati 100. Ikiwaka nusu ya siku, itatumia uniti 1.2 kwa siku, sawa na uniti 36 kwa mwezi. Ikichukuliwa kwamba uniti moja ni shilingi 300, mwenye tangi atalipa shilingi 10,800 kwa mwezi. Kwa hoteli inayotaka kupendezesha mapokezi, au kwa mtu anayeuza samaki wa mapambo, hiyo ni gharama ya kawaida ya biashara.

Bwawa ni habari nyingine. Bwawa la meta 20 kwa 10, lenye kina cha meta moja, lina meta za ujazo 200, yaani lita 200,000. Kupandisha joto la maji hayo kwa nyuzi moja tu kunahitaji takriban uniti 233 za umeme. Kwa bei ile ile ya shilingi 300, nyuzi moja ni karibu shilingi 70,000. Kuyatoa kwenye nyuzi 17 hadi 25 ni zaidi ya shilingi 550,000, tena hiyo ni siku ya kwanza. Usiku maji yanarudisha joto hewani, na kila nyuzi iliyopotea inanunuliwa upya asubuhi. Hakuna sato anayeweza kulipa bili hiyo, hata kama angeuzwa kwa bei ya nyama ya ng'ombe.

Kuni nazo hazibadilishi hesabu, kwani maji hayajali joto limetoka wapi. Mlimani ambako watu wanahangaika kulinda misitu ya vyanzo vya maji, kukata miti ili kuchemshia bwawa ni kuharibu chanzo cha maji ya bwawa lenyewe.

Kwa hiyo mwenye bwawa akishauriwa anunue hita, mshauri huyo hajapiga hesabu, au ameipiga kwa faida yake. Mahali ambapo hita ina kazi katika ufugaji wa sato mlimani ni kwenye pipa au tangi la ndani la kutunzia vifaranga, lenye lita mia chache hadi elfu moja. Tangi la lita 1,000 kupanda nyuzi nane ni uniti tisa na kitu, na likifunikwa na kuzungushiwa pumba za mbao au magunia, joto halitoki upesi. Hata hapo pana tahadhari: umeme ukikatika usiku tangi dogo hupoa haraka kuliko bwawa, na kifaranga hufa zaidi kwa kupandishwa na kushushwa joto ghafla kuliko kwa baridi ya kudumu. Asiye na umeme wa uhakika ni afadhali anunue vifaranga vikubwa bondeni kuliko kujaribu kuvilea mwenyewe.

Elimu iliyozaliwa bondeni

Ufugaji wa samaki nchini ulianza kwa majaribio mwaka 1949, katika vituo viwili: Malya mkoani Mwanza, na Korogwe, chini kabisa ya milima hii ya Usambara. Samaki wa majaribio walikuwa jamii ya perege. Kufikia mwaka 1968 nchi ilihesabiwa kuwa na mabwawa yapatayo 8,000, lakini mengi yalikuwa madogo mno, mengine meta za mraba 20 tu, na mavuno yake yalikuwa haba kwa kukosa usimamizi na utaalamu unaofaa. Mengi yakaachwa yakaota magugu.

Ukitazama ramani utaona kwamba elimu hiyo ilizaliwa mahali pa joto, na vituo vingine vilivyofuata, kama Kingolwira mkoani Morogoro, navyo viko mahali pa joto. Hakuna ubaya; huko ndiko samaki anakozaliana. Ubaya unakuja maelekezo ya Korogwe yanapopandishwa Lukozi bila kubadilishwa hata mstari.

Majirani wa Kenya walipata somo kama hilo kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2009 Serikali ya huko, katika mpango wa kuchochea uchumi, ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140. Bwawa lilikuwa na meta za mraba 300 na lilipewa vifaranga 1,000. Kipimo kilikuwa kimoja kwa watu wa Ziwa Victoria na kwa watu wa miteremko ya Mlima Kenya. Sehemu za juu zenye baridi sato walichelewa kukua, na mkulima aliyeahidiwa mavuno ya miezi minane akajikuta analisha hadi mwaka.

Rwanda walilitazama jambo hili kwa utulivu zaidi. Kituo cha Rwasave, karibu na mji wa Butare ambao sasa unaitwa Huye, kiko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko Lushoto mjini. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa hapo walifuga sato katika mabwawa ya vimo mbalimbali. Walichokiona ni kwamba kadiri bwawa lilivyo juu, ndivyo ukuaji unavyopungua, lakini bwawa lililotunzwa vizuri kwa mboji na samadi lilitoa mavuno ya maana mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kata tamaa.

Kuna jambo jingine linalojitokeza kwenye mabwawa ya baridi, nalo ni faida ambayo wauzaji wa vifaranga hawaitaji sana. Kwenye maji ya joto sato huzaa mapema na kwa wingi, bwawa linajaa watoto, wakubwa wananyang'anywa chakula na wote wanadumaa. Ndiyo maana bondeni watu hununua vifaranga vya madume matupu. Kwenye maji baridi sato huchelewa kuzaa, na sehemu za juu sana huenda asizae kabisa. Mfugaji wa mlimani hatafuti kuzalisha vifaranga bwawani, lakini pia hasumbuliwi sana na msongamano.

Maji yanayotiririka

Kosa linaloonekana mara kwa mara mlimani ni la kuacha mfereji uingie bwawani upande huu na kutokea upande ule, usiku na mchana. Mkulima wa Usambara amezoea maji ya mfereji. Babu yake alimwagilia kwayo, naye anamwagilia kabichi na karoti. Anaona maji yanayotembea ni maji safi, na yaliyotulia ni machafu. Kwa sato ni kinyume. Maji yanayotoka msituni ni ya baridi, na yakipita mfululizo yanaondoka na joto lote lililokusanywa na jua tangu asubuhi. Yanaondoka pia na ule ukijani ambao ni chakula cha bure, na mbolea iliyotiwa kwa taabu.

Bwawa la sato mlimani liwe na maji yaliyotulia. Yaongezwe tu kufidia yaliyopungua kwa kuvuja na kwa jua, na yaongezwe mchana, baada ya kupitishwa kwanza kwenye kidimbwi kifupi cha juani yapate joto. Wapare wana ndiva zao za kukusanyia maji ya umwagiliaji. Maji yaliyolala ndivani juani ni bora kwa samaki kuliko yaliyotoka moja kwa moja kwenye chemchemi.

Mahali pa kuchimba nako kuna uzito wake. Watu wengi huchimba chini kabisa ya bonde kwa sababu maji yako hapo. Lakini hewa baridi ya usiku hushuka na kutuama huko huko, na mabonde ya Lushoto yana kuta ndefu: jua linachelewa kuingia na linawahi kutoka. Penye uchaguzi, eneo la mteremko linalotazama kaskazini ni bora, kwa kuwa Juni na Julai jua liko upande huo. Mgrevilea unaokitia bwawa kivuli hauna budi kukatwa matawi. Kina kiwe kama meta moja. Bwawa la nusu meta linapata joto upesi mchana na kulipoteza lote usiku, na la meta mbili linabaki na baridi chini ambako jua halifiki.

Wenye vitalu nyumba vya nailoni vya kupandia nyanya na hoho wameshaona jinsi joto linavyobaki ndani. Nailoni hiyo hiyo ikitandwa juu ya bwawa dogo hupunguza upotevu wa joto usiku, na bei yake hulipwa mara moja kwa misimu kadhaa. Kwa bwawa kubwa hailipi. Kwa bwawa la vifaranga, au la meta chache za mraba karibu na nyumba, ni jambo la kujaribu kabla ya kufikiria waya wa umeme.

Chakula kinachooza

Hasara kubwa ya baridi haiko kwenye vifo. Samaki aliyekufa anaelea na mwenye bwawa anamwona. Chakula kisicholiwa kinazama, hakionekani, na chakula ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji.

Chukua samaki 1,000 wenye gramu 100 kila mmoja, yaani kilo 100 za samaki. Maji yakiwa na joto zuri, kiwango cha asilimia tatu ya uzito kwa siku ni kilo tatu za chakula. Kwenye maji ya nyuzi 17 samaki hao hawamalizi hata kilo moja. Mfugaji anayeendelea kumwaga kilo tatu kwa siku 90, Juni hadi Agosti, atakuwa ametupa kilo 180 hivi. Kwa bei ya shilingi 2,500 kwa kilo hizo ni shilingi 450,000, na juu ya hasara hiyo ameoza bwawa, maana chakula kilichozama kinakula hewa ya samaki siku za mawingu na ukungu. Samadi nayo ipunguzwe miezi hiyo kwa sababu hiyo hiyo: kwenye baridi haiozi upesi, inarundikana, halafu siku ya jua kali inaoza yote kwa pamoja.

Kifaa cha kununua, basi, ni kipimajoto. Kipimwe alfajiri na saa tisa alasiri, kikizamishwa nusu meta, na namba ziandikwe kwenye daftari. Yakiwa juu ya 24, lisha kama kawaida. Yakiwa kati ya 18 na 22, lisha mara moja tu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwa kiasi wanachokimaliza kwa dakika chache. Yakishuka chini ya 17, chakula kibaki stoo.

Kalenda ya mlimani

Maelekezo ya bondeni hayana msimu kwa sababu bondeni sato hukua mwaka mzima. Mlimani msimu upo, kama ulivyo wa viazi. Kipupwe kinaisha Agosti, Desemba hadi Machi ndiyo miezi yenye joto, na Juni baridi inarudi. Anayepandikiza Septemba ana miezi minane au tisa ya kukuza kabla ya kipupwe kingine. Anayepandikiza Mei analisha miezi mitatu bila kupata nyama.

Kwa hiyo kifaranga cha Septemba kinunuliwe kikubwa, gramu 10 au 20 badala ya gramu moja, hata kama bei yake ni mara mbili. Mbegu ndogo inapoteza mlimani wiki ambazo bondeni zingekuwa rahisi. Na mfuko wa vifaranga ukifika kutoka Morogoro au Korogwe na maji ya nyuzi 28, usimwagwe bwawani hapo hapo. Uelee juu ya maji, ufunguliwe, maji ya bwawa yaingizwe kidogo kidogo kwa muda wa saa moja. Vifo vingi vya wiki ya kwanza vinavyolaumiwa kwa muuzaji hutokea katika dakika hizo chache.

Wapo wanaouliza kwa nini mlima usifuge samaki wa baridi. Trauti anapenda maji ya nyuzi 10 hadi 18, na Kenya wana kituo cha kumzalisha Kiganjo, karibu na Nyeri. Kwa upande wa Tanzania amefugwa kwa kiasi kidogo nyanda za juu za Arusha. Lakini trauti anataka maji mengi, safi, yanayotiririka wakati wote, yale ambayo Lushoto yanagombewa na mashamba ya mboga. Chakula chake kina protini nyingi na ni ghali, na mnunuzi wake ni hoteli chache za watalii. Kwa kampuni yenye chemchemi yake huenda ikawa biashara. Kwa mkulima wa robo eka, sivyo.

Sato wa mlimani hawezi kushindana na wa Mombo kwa gharama ya kukuza. Anachoweza kushindana nacho ni nauli na barafu. Samaki wabichi wa Tanga wakifika soko la Lushoto wamekwisha kulipa barabara, barafu na faida ya watu wawili au watatu, na wengine wamekwisha poteza ubichi. Mfugaji aliyeko Soni au Lushoto anauza samaki hai penye bwawa, kwa majirani, kwa shule na kwa mama lishe, bila kulipa hata senti ya gari. Akiwa amepandikiza Septemba, mavuno yake ya kwanza yanaweza kuangukia Pasaka, samaki wakubwa wakitolewa kwanza na wadogo wakiachwa hadi mwisho wa Mei. Baada ya hapo bwawa likaushwe, tope litolewe lipelekwe kwenye kabichi, na kuta zirekebishwe wakati wa baridi, kwa kuwa miezi hiyo maji hayo yana faida zaidi kwenye mboga kuliko kwenye samaki.